Povu Likiungua Halirudi: Kupiga na Kuhariri Picha za Michezo ya Majini

Ukirudi kutoka ufukweni na picha mia nane za watu wanaoteleza juu ya mawimbi, maswali huwa mawili: ipi imependeza, na ipi inaokoleka. La kwanza kila mtu ana jibu lake. La pili lina jibu moja kwa wote, na jibu hilo lilipaswa kukuongoza tangu ulipokuwa mchangani, kamera ingali mkononi. Ndiyo maana naona kazi hii hueleweka upesi zaidi ikifundishwa kinyumenyume: uanze mezani, uone kompyuta inaweza nini na inashindwa nini, ndipo urudi majini.

Kompyuta inaweza mengi. Upeo wa macho uliolala upande hunyooshwa kwa sekunde mbili. Bahari iliyopauka hurudishiwa rangi. Uso uliozama kivulini chini ya tanga huinuliwa ukaonekana. Ukungu wa chumvi unaoning'inia hewani siku ya upepo hupunguzwa. Inaposhindwa ni mahali pane tu: povu lililoungua likawa jeupe tupu, fokasi iliyotua pasipo na mtu, mwili uliofifia kwa sababu shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ilikuwa ya polepole, na tukio ambalo lilikuwa limeshapita ulipobofya. Zipo programu zinazodai kunoa picha iliyofifia au kujaza weupe uliokufa. Zinachofanya ni kubuni: zinachora maji yanayofanana na maji. Kwa pambo la ukutani si neno. Kwa picha inayodai kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa, ni jambo jingine kabisa.

Kamera haijui kwamba povu ni jeupe

Kipimamwanga cha kamera hufanya kazi kwa kukisia kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, ni kijivu cha wastani kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Mtaani makisio hayo hayako mbali na ukweli. Ufukweni yanavunjika pande mbili. Mchanga mweupe na povu vikijaa fremu, kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza, nawe ukapata picha ya kijivu yenye watu weusi tii. Hilo ni kosa jepesi. Zito ni la upande wa pili: maji ya bluu iliyokolea yamejaa fremu, katikati yupo mtu mmoja aliyevaa suti nyeusi ya mpira, na nyuma yake mkia mwembamba wa povu. Kamera huona giza, ikaongeza mwanga, na lile povu likaungua.

Kuungua maana yake ni hii. Kila pikseli, yaani nukta moja ya sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ni kama kibaba cha kupimia nafaka. Kikijaa pomoni, zinazoendelea kumwagika hazihesabiki, na baadaye hakuna awezaye kukuambia zilikuwa punje kumi au elfu. Pikseli iliyojaa huandikwa nyeupe, basi. Jirani yake nayo imejaa, imeandikwa nyeupe vilevile, na ile tofauti ndogo kati ya tone na tone, iliyofanya povu lionekane povu, imepotea. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwenye kivuli mambo ni tofauti: kibaba kina punje chache, lakini zinahesabika, kwa hiyo unaweza kuzizidisha baadaye. Utapata chengachenga kidogo za kidijitali, ila umbo litakuwepo.

Kwa hiyo kanuni ya ufukweni ni kupima mwanga kwa ajili ya povu na kuwaachia wengine deni litakalolipwa mezani. Mimi huweka kamera kwenye mfumo wa kuchagua vipimo kwa mkono (M), nikapiga wimbi linalovunjika kabla mchezaji yeyote hajafika, kisha nikatazama onyo la kwenye kioo, ambalo humemetesha sehemu zilizoungua, na ile grafu ya histogramu inayoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Nukta mbili tatu zikimemeteka pale jua linapojiakisi moja kwa moja si kitu. Hayo ni makali ya jua, na hata jicho halioni undani wake. Povu zima likimemeteka, napandisha kasi ya shata hadi litulie. Jua lisipoingia mawinguni, vipimo hivyo sivigusi tena, hata fremu ijae maji meusi kiasi gani.

Pa kuanzia unaweza kupapata bila kipimo chochote. Wapiga picha wa enzi za filamu walijua kwamba kwenye jua kali, ukiweka tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kasi ya shata inakuwa moja chini ya namba ya ISO, ambayo ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga: kwa ISO 100 ni 1/100 ya sekunde. Fungua tundu hatua tatu, kutoka f/16 hadi f/5.6, na kasi inapanda mara nane hadi 1/800. Pandisha ISO iwe 200, unafika 1/1600. Iwe 400, unafika 1/3200. Mchana wa jua, basi, kasi ya kuganda maji inapatikana bila kuitesa kamera. Shida huja jioni, saa ile ambayo kila mtu anaitaka kwa rangi zake.

Faili la RAW, yaani data ghafi ya sensa kabla kamera haijaipika, lina nafasi kwa haya yote. JPEG, lile faili la kawaida la picha, huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, na kamera imeshaamua lipi la kutupa. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384. Ukiinua kivuli kwenye JPEG, anga hukatika vipande kama ngazi za nyumba. Kwenye RAW huinuka taratibu. Isitoshe, onyo la kumemeteka na histogramu hutokana na ile picha ndogo ya JPEG ya kuonyeshea, kwa hiyo RAW mara nyingi huwa na akiba kidogo juu yake. Akiba hiyo isikupe kiburi.

Hapa nakiri nimerahisisha kidogo niliposema mahali pane. Mwako wa juu ya maji nao hauondoki mezani, kwa sababu umefunika kilicho chini yake: matumbawe, mchanga, kivuli cha ubao. Dawa yake ni kichujio cha polaraiza, kinachozungushwa mbele ya lenzi hadi mwako ufe. Hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa umelipa jua ubavu, na juu ya maji hufikia kilele pale mwanga unaporudi kwa pembe ya takriban nyuzi 53 kutoka wima. Kinakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), tena kila ukigeuza kamera wima inabidi ukizungushe upya. Kwa mchezo wa kasi mimi hukiacha mfukoni. Kwa watu wanaopiga kasia wamesimama juu ya ubao, kwenye maji matulivu ya kina kifupi, sikiachi.

Milimita nane

Watu huuliza kasi gani ya shata inatosha, wakajibiwa namba bila sababu. Tuihesabu. Tuseme una lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya sensa kamili (upana wa milimita 36), na mteleza mawimbi yuko umbali wa mita 65. Upana wa fremu pale alipo ni karibu mita 6. Kamera ina pikseli 6,000 kwa upana, kwa hiyo pikseli moja inabeba milimita moja ya dunia. Anakatiza mbele yako kwa kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8.3 kwa sekunde. Kwa 1/500 anasogea milimita 17 shata ikiwa wazi, na ukingo wa uso wake unatapakaa pikseli 17. Kwa 1/1000 ni milimita 8, kwa 1/2000 ni 4.

Hesabu hiyo ni ya kamera iliyotulia. Ukiizungusha kamera kumfuata, yeye kwa picha yako anakuwa kama amesimama, na 1/1000 inamtosha kabisa. Ila matone hayafuati mwendo wake. Yanaruka kila upande, mengine yakirudi nyuma, na ndiyo yanayodai 1/2000 ili yawe shanga badala ya nyuzi. Anayekuja moja kwa moja kwako hutapakaa kidogo sana hata kwa 1/800, lakini yeye huitesa fokasi. Tena anayeruka ana sekunde yake ya huruma. Kwenye kilele cha mruko, mwendo wa kupanda umekwisha na wa kushuka haujaanza. Sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kilele, mwili umeshuka sentimita 5 tu. Mwenye tiara, yule anayevutwa na tiara kubwa akiwa juu ya ubao, hushuka polepole zaidi, kwa kuwa tiara bado inambeba.

Ipo njia ya kinyume, ninayoipenda kuliko nyingine zote ingawa huniharibia picha nyingi: shusha shata hadi 1/60, mfuate mchezaji kwa kiuno chako chote, bofya bila kusimamisha mzunguko. Kichwa kikitoka kikali na bahari ikawa mistari ya rangi, umepata mwendo wenyewe. Katika ishirini, moja. Mchana wa jua hata ISO 100 na f/16 haitoshi kushuka huko, utahitaji kichujio cheusi cha kupunguza mwanga au usubiri jua lipungue.

Fokasi ina adui mmoja mkubwa, nao ni ukuta wa maji yanayoruka kati yako na mchezaji. Kamera hupenda kilicho karibu na chenye utofauti wa mwanga, na matone yanayong'aa yana sifa zote mbili. Weka fokasi ya kufuata mfululizo, tumia eneo dogo badala ya sensa nzima, na kwenye menyu ya ufuatiliaji chagua isiwe nyepesi kuhama, ili maji yakimfunika nusu sekunde kamera ivumilie. Anza kumfuata mapema, sekunde kadhaa kabla ya tukio. Na usiogope kufungua tundu la lenzi: kwa lenzi ileile ya milimita 400 kwa f/5.6, mtu aliye mita 60 ana nafasi ya takriban mita 7 iliyo kali, mbele na nyuma yake. Wengi hufunga hadi f/11 kwa hofu, kisha wanalipa kwa shata ya polepole. Wamebadilishana kisichorudi kwa wasichokihitaji.

Wenye simu wana sheria zao chache. Zima mfumo wa HDR (wa kusawazisha mwanga na kivuli) kama simu inaruhusu, kwa sababu huunganisha fremu kadhaa, na kwenye maji yanayoruka muunganiko huo huzaa mizimu: tone moja lenye vivuli vitatu. Usivute kwa zumu ya kidijitali. Sogea, au kata picha baadaye. Piga mfululizo.

Kufika kabla ya tukio

Tarehe 29 Julai 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mashindano ya kuteleza mawimbi yakifanyika Teahupo'o, Tahiti, mpiga picha Jérôme Brouillet, akiipigia AFP, shirika la habari la Ufaransa, alimnasa Mbrazili Gabriel Medina amesimama wima hewani, kidole juu, na ubao wake nao umesimama wima kando yake. Picha ikazunguka dunia, na wengi wakauliza kama imehaririwa. Haikuhaririwa hivyo. Brouillet alikuwa kwenye boti, upande wa mgongo wa wimbi, mahali ambapo hamwoni mchezaji anapoteleza. Alichojua ni kwamba Medina akimaliza atatokea juu, na baada ya wimbi kama lile huenda akashangilia. Akasubiri pale. Alipata fremu nne hivi za Medina akiwa hewani, na moja ndiyo hiyo.

Hilo ndilo somo gumu kuliko namba zote zilizotangulia. Kamera inayopiga fremu 20 kwa sekunde haimsaidii aliyeielekeza mahali pasipo na kitu. Keti kwanza nusu saa bila kupiga. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa kadhaa, kisha utulivu. Wimbi huanza kuvunjika pale kina cha maji kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake, kwa hiyo makubwa huvunjika mbali zaidi na madogo karibu, kila moja kwenye mstari wake unaoweza kuukariri. Mwenye tiara hukunja magoti na kuielekeza tiara juu kichwani kabla ya kuruka. Ukiiona tiara inapanda, uwe tayari kubofya. Mwenye tanga hugeuka palepale upepo unapompa nafasi, mara nyingi karibu na ufuko. Mteleza mawimbi akishuka hadi chini ya wimbi na kuinama, ujue anakwenda kugeukia juu, na maji yatamwagika kutoka nyuma ya ubao sekunde moja baadaye.

Kuhusu tiara pana tatizo la umbo linalowatesa wengi: kamba zake kwa kawaida huwa na urefu wa mita 20 na zaidi, kwa hiyo ukimweka mtu na tiara kwenye fremu moja, mtu anakuwa mdudu. Amua moja. Ama mwache awe mdogo na tiara ndiyo iitawale anga, ama sahau tiara ubaki na mwili, ubao na kamba zinazotoka nje ya picha. Huko katikati hakuna kinachonata.

Piga ukiwa chini. Ukichuchumaa hadi kamera iwe karibu na usawa wa maji, wimbi la mita moja linakuwa mlima na upeo wa macho unakatiza chini ya kiuno cha mchezaji. Ila usilale nyuma ya mchanga uliochemka mchana: hewa ya joto inayopanda juu yake hupindisha mwanga, na lenzi ndefu hukupa picha laini ambazo hakuna kunoa kutakakozisaidia. Sogea hadi mchanga uliolowa. Upepo ukiwa mgongoni mwako, lenzi hubaki safi muda mrefu. Ukiwa usoni, unabeba chumvi.

Mezani

Chukua faili moja. Mwenye tanga, saa kumi na nusu jioni, jua upande wa kushoto. Kwa kuwa povu lililindwa, picha yote inaonekana nzito, histogramu imesongamana kushoto. Anayeiona kwenye kioo cha kamera atasema imeharibika.

Kwanza upeo wa macho. Bahari ni mstari ambao kila mtu anajua umenyooka. Ukilala hata nyuzi moja, mtazamaji anahisi maji yatamwagika upande mmoja. Kisha kukata. Acha nafasi mbele ya anakokwenda, si nyuma. Faili la pikseli 6,000 kwa 4,000 likikatwa nusu kila upande hubaki na 3,000 kwa 2,000, na hizo zinachapisha sentimita 25 kwa 17 vizuri tu, kwa hiyo usione haya kukata. Usikate kwenye kifundo cha mguu wala ncha ya ubao.

Mizani ya weupe ndipo wengi wanapoharibu jioni nzima. Wanachukua kile kifaa cha kudonoa rangi, wanagusa povu, programu inalifanya jeupe safi, na dhahabu yote ya jua inaondoka. Povu la saa kumi na nusu si jeupe. Upande wa jua lina umanjano, upande wa kivuli lina bluu ya anga, na ugomvi huo wa rangi mbili ndio uliokufanya ubofye. Anza na mpangilio wa mwanga wa mchana, kisha sogeza kwa jicho.

Sasa mwanga. Ninainua picha yote kwa karibu stopu 0.7, nashusha sehemu kali hadi nyuzi za povu zionekane, nainua vivuli mpaka uso uwe na macho, halafu narudisha weusi kidogo kwenye suti, la sivyo picha yote inakuwa kama imefunikwa na vumbi. Kupunguza ukungu kunatosha kidogo sana, kumi na kitu kwa mia. Zana hiyo inakazia utofauti na rangi kwa pamoja, na anayeivuta hadi hamsini anapata bahari ya kutisha na mtu mwenye ngozi ya shaba iliyoungua. Ndiyo maana naweka maski, yaani kifuniko cha kutenga sehemu moja ya picha, juu ya mchezaji, kisha naiacha zana ifanye kazi kwenye maji na anga pekee. Ngozi nyeusi iliyolowa hung'aa kwa alama ndogondogo za mwanga; ziache, ndizo zinazosema maji.

Rangi ya bahari haipandishwi kwa kidhibiti kimoja cha rangi zote, kwa maana kinapandisha na tanga, na ngozi, na jaketi. Nenda kwenye rangi mojamoja: samawati ya maji ya kina kifupi peke yake, bluu ya kina kirefu peke yake. Mara nyingi nashusha mng'ao wa bluu badala ya kuongeza ukali wake. Maji yanakuwa na uzito bila kuwa ya plastiki. Kunoa kunakuja mwisho, tena kwa maski inayobakiza kingo tu, kwa sababu anga ikinolewa chengachenga zake huamka. Kwa kuweka mtandaoni, hamisha kwenye sRGB, mpangilio wa rangi ambao vioo vingi huuelewa, la sivyo baadhi ya vioo vitakuonyesha bahari iliyopauka.

Madoa ya vumbi kwenye anga yafute, hayakuwepo duniani. Mtu mwingine aliyekuwa majini nyuma yake ni habari nyingine. Shirika la habari la AP la Marekani halikubali picha ya habari iliyoongezwa au kuondolewa kitu, na nadhani hata asiyefanya kazi ya habari anapaswa ajiulize anachofuta ni doa au ni ukweli.

Faili hilo la mwenye tanga, hata hivyo, sikulimaliza. Nilipolikuza hadi asilimia mia nikaona juu ya bega lake duara hafifu la ukungu, kama pete ya mvuke. Tone la chumvi lililokaukia kwenye kioo cha mbele. Nikafungua faili la pili, lipo. La kumi, lipo, safari hii usoni. Fremu zote tangu saa kumi na robo, kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka nami sikuigeuza lenzi kuitazama. Siku hizi natembea na vitambaa viwili ndani ya mfuko wa plastiki, kimoja kimeloweshwa maji baridi, kingine kikavu. Cha maji hutangulia, kwani chumvi ikisuguliwa kavu inakwangua kioo. Na kila kundi la mawimbi likipita, kabla la pili halijafika, naigeuza lenzi.